Miezi mitatu iliyoanza kuhesabiwa kabla ya safari: kisa cha dereva wa mtaa wa Langoni, Lamu

Alipoingia kwenye saiba yangu, duka la intaneti na kuchapa karatasi, alikuwa bado ameshika kifuko cha halua. Kilo mbili, imepikwa hapa hapa Lamu, imefungwa kwa gazeti na kuzungushiwa utepe ili afike nayo Riyadh akampe "Baba", kama madereva wa nyumbani wanavyowaita waajiri wao kule Saudia. Halua ile ilikuwa imevuka hadi Mokowe kwa boti, ikapanda basi mpaka Mombasa, ikapanda treni mpaka Nairobi, ikafika kaunta ya ndege pale Jomo Kenyatta, kisha ikarudi njia ile ile. Akaiweka juu ya printa, akakaa, akashusha pumzi. "Kaka, wamenambia viza imekwisha. Na mimi miezi mitatu sijaimaliza."

Ilikuwa Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025. Ndege yake ilikuwa ya usiku wa Jumapili iliyotangulia. Alitoka Riyadh tarehe 4 Agosti akiwa na viza ya kutoka na kurudi ya miezi mitatu, kwa hiyo kwa hesabu yake alikuwa na nafasi mpaka tarehe 4 Novemba. Tena alijipunguzia wiki tatu nzima kwa makusudi, maana ni mtu wa tahadhari. Hata boti ya Mokowe huwa anaifikia nusu saa mapema. Msichana wa kaunta akaingiza namba zake, akatazama skrini, akamwita mwenzake, wakatazama wote wawili. Kisha wakamwambia kwa upole awasiliane na mdhamini wake.

Kisa hiki nakiandika kwa idhini yake. Jina lake nimeliacha, na la mwajiri, na la yule ajenti wa Mombasa atakayetokea huko mbele. Nakiandika kwa sababu tangu siku ile nimeshapata watu wengine wenye karatasi za namna ile ile mkononi, na kila mmoja anahesabu kwa vidole.

Kwanza mtu mwenyewe. Ni dereva wa nyumba, kijana wa miaka thelathini na kitu, mkataba wake ni wa pili kwa kafili, yaani mdhamini, yule yule. Kanuni za wafanyakazi wa nyumbani za Saudia zinampa mtu likizo ya mwezi mmoja wenye mshahara akimaliza miaka miwili na akiwa anaendelea na mkataba. Likizo ya kwanza aliichukua kwa fedha, hakuja. Hii ya pili akaiomba iwe ndefu: mwezi mmoja wa mshahara na miwili isiyo na mshahara. Mamake alikuwa anangoja kutolewa mtoto wa jicho, na tena palikuwa na Maulidi. Mtu aliyekaa Riyadh karibu miaka minne asiione Maulidi ya msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh katika wiki ya mwisho ya mfungo sita, haja yake haina haja ya kuelezwa kwa mtu wa Lamu. Kafili akakubali. Viza ya safari moja ni riyali 200 kwa miezi miwili, na kila mwezi wa ziada ni riyali 100. Miezi mitatu ikawa riyali 300, akakatwa kwenye mshahara.

Sasa, hii viza ya kutoka na kurudi, ambayo wenyewe huiita khuruj wa auda, watu wengi huichanganya na iqama. Iqama ni kibali cha kukaa na kufanya kazi ukiwa ndani. Haikurudishi. Unaweza kuwa na iqama ya miezi sita mbele na usiweze kupanda ndege, kwa sababu mlango wa kurudi una ufunguo wake peke yake, na ufunguo huo una tarehe yake. Kwa mfanyakazi wa kampuni mambo yamelegea: tangu tarehe 14 Machi 2021 anaweza kujiombea viza hiyo mwenyewe bila kungoja ridhaa ya mwajiri. Lakini mageuzi yale yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani, yaani madereva wa nyumba, mashagala (wasichana wa kazi za ndani), watunza bustani, wachungaji. Kwao ufunguo uko ndani ya simu ya kafili, kwenye programu ya Absher. Yeye ndiye anayebonyeza, yeye ndiye anayechagua aina, na yeye ndiye anayeiona karatasi kwanza.

Neno "aina" ndilo lililomponza dereva wetu. Viza hii hutolewa kwa namna mbili, na bei ni ile ile. Namna ya kwanza inaandikwa kwa muda: siku 60, siku 90. Hiyo ukiipata unakuwa na miezi mitatu ya kuondoka nchini, na siku zako zinaanza kuhesabiwa siku unayotoka. Namna ya pili inaandikwa kwa tarehe: rudi kabla ya siku fulani. Hiyo haijali umetoka lini. Saa yake imeanza kugonga tangu ilipotolewa, hata kama wewe bado uko Riyadh unafua gari.

Yake ilitolewa tarehe 7 Julai. Safari ilikuwa iwe tarehe 10. Ingekuwa hivyo, tofauti ya namna hizi mbili ingekuwa siku tatu tu, na wala asingejua kuwa kuna tofauti. Lakini joto la Riyadh mwezi wa Julai si la mchezo, na familia ikaamua kwenda Abha, kule milimani Asir, ambako matajiri wa Najd, upande wa Riyadh, hukimbilia kupoa. Watoto, mizigo, bibi mzee, magari mawili. Nani ataendesha la pili? Baba akamwambia: "Twende Abha kwanza, tukirudi utasafiri, viza yako ipo." Na kweli ilikuwepo. Ilikuwepo inaliwa, siku moja baada ya nyingine, kwa muda wa karibu wiki nne, wakati yeye anapandisha familia mlimani na kuishusha. Simwiti kafili mwongo. Naamini naye hakujua.

Nikamwambia atoe karatasi. Akaitoa kwenye pochi ya pasipoti, nami nikaitambua kabla hajaifungua, kwa sababu plastiki ile niliipiga mimi. Mwezi wa Agosti alikuja hapa na faili kwenye simu, akaniomba nimchapie nakala na kuihifadhi isichakae kwa jasho. Nikachapa, nikapiga plastiki, nikachukua shilingi zangu. Sikusoma hata mstari mmoja. Kazi yangu ya kila siku ni makaratasi ya watu: eCitizen, pasipoti, cheti cha tabia njema, fomu za shule. Karatasi ya Kiarabu iliyoamua maisha ya jirani yangu ilipita mikononi mwangu nikaitazama kama picha. Siku ile bado alikuwa na miezi miwili ya kurekebisha.

Basi tukaisoma, tumechelewa, lakini tukaisoma. Na hapa ndipo ninapoona aibu zaidi, maana si Kiarabu cha wanazuoni. Hapa Lamu mtoto wa miaka saba anazijua herufi zile kabla hajaijua A ya Kiingereza. Yapo maneno matatu tu yenye uzito kwenye karatasi nzima. La kwanza ni tarikh. Ni tarehe. La pili ni mudda. Ni muda. La tatu limekaa karibu na sanduku lenye tarakimu: al-auda qabla. Auda ni kurudi, anayefanya kazi kule analijua kwa sababu ndilo jina la viza yenyewe. Na qabla? Qabla ni kabla. Neno letu, tunalolisema kutwa. Kabla ya adhuhuri, kabla ya mvua. Dereva akalitazama akalisoma kwa sauti, "kabla", akanyamaza kidogo, akasema: "Siyui mbona sikuliona." Mahali pa mudda palikuwa patupu.

Tarehe yenyewe iliandikwa mara mbili. Mstari wa juu kwa Hijria, siku ya 13 ya mwezi wa 4 mwaka 1447. Wa chini, kwa herufi ndogo ambazo plastiki ilizitia mng'aro, tarehe 5 Oktoba 2025. Yeye aliona ile 4 ya juu, na kwa kuwa alisafiri tarehe 4, akadhani ni siku ya kutoka. Jioni ile mamake, mwenye jicho lililofungwa bandeji, aliposomewa mstari wa Hijria hakuhitaji simu. Akahesabu kwa kinywa: Muharram ni mfungo nne, Safar mfungo tano, mwezi wa Maulidi mfungo sita, basi mwezi wao wa nne ni mfungo saba. "Mfungo saba mwandamo wake ulikuwa Maulidi imekwisha tu, mwanangu. Siku kumi na tatu baadaye ulikuwa ushachelewa." Angesomewa karatasi ile mwezi wa Agosti, angetuambia mwezi wa Agosti.

Lakini kosa la kusoma huwa halisimami peke yake. Huwa lina kitu kinacholiegemeza. Hapa vilikuwa viwili. Binamu yake yuko Sharjah, na walipokutana kwenye harusi mwezi wa Septemba alimwambia asiwe na wasiwasi, mtu akikaa nje chini ya miezi sita hana shida. Ni kweli, kwa Imarati. Kule ukazi wako unaharibika ukikaa nje zaidi ya siku 180, na huhitaji viza ya kurudi kwa kila safari. Saudia haifuati hesabu hiyo. Tunasema "Arabuni" kama vile ni nyumba moja yenye mlango mmoja, na ushauri wa Sharjah tunaupeleka Riyadh, wa Doha tunaupeleka Muscat. Qatar, kwa mfano, imeondoa kibali cha kutoka hata kwa wafanyakazi wa nyumbani tangu Januari 2020, wanatakiwa tu kumjulisha mwajiri saa 72 kabla. Shagala wa Saudia akiiga hilo atakwama uwanjani.

Cha pili kilikuwa kumbukumbu ya korona. Mwaka 2021, Saudia iliongeza yenyewe muda wa iqama na viza za kurudi za watu waliokwama nje, bila ada na bila mtu kuomba. Madereva wenzake wengi walirudi kwa njia hiyo, na hadithi zao zimebaki: "viza huongezwa tu." Iliongezwa kwa amri ya wakati ule. Wakati ule umepita.

Sasa, alikuwa na nini cha kupoteza? Hapo ndipo mtu wa nje anaweza kudhani ni tiketi tu. Iqama yake ilikuwa inaisha tarehe 20 Novemba, na siku hizo hizo ndipo angetimiza miaka minne mfululizo kwa mwajiri mmoja, ambayo kwa kanuni za wafanyakazi wa nyumbani humpa mtu mshahara wa mwezi mmoja kama kiinua mgongo anapoondoka. Zilikuwa zimebaki wiki tano. Tena alikuwa na akiba kwenye akaunti ya benki ya huko, na benki za Saudia huizuia akaunti ya mgeni iqama ikiisha. Na chumba chake, nguo zake, hati ya leseni. Mtu anayekuja likizo hafungi mizigo kama mtu anayehama.

Kabla hajafika kwangu alikuwa ameshapita kwa ajenti Mombasa. Ajenti akampa jibu tamu: achana na viza hiyo, nakutafutia mpya, kafili mpya, mshahara zaidi. Nilitaka kulipima jibu hili kwa haki, kwa sababu si la uongo lote. Mtu ambaye viza yake ya kurudi imekwisha akiwa nje, mfumo wa Jawazat, yaani uhamiaji wao, humwandika kharaja wa lam yaud: ametoka na hakurudi. Zamani aliyeandikwa hivyo alifungiwa miaka mitatu asiingie tena kwa kazi, isipokuwa kwa mwajiri yule yule. Januari 2024 magazeti ya Saudia yaliripoti kuwa kifungo hicho kimeondolewa. Kwa hiyo njia ya ajenti haikuwa imezibwa. Lakini ilikuwa ni kuanza upya kabisa: mkataba mpya kupitia Musaned, mfumo wa Saudia wa kuajiri wafanyakazi wa nyumbani, vipimo vya hospitali upya, cheti cha tabia njema upya, foleni ya viza Nairobi, na ada za ajenti, ambazo kwa kanuni za kule mfanyakazi hatakiwi kutozwa lakini hapa kwetu zina majina mengi. Na ile miaka minne ingebaki hewani. Ajenti analipwa kwa safari mpya. Hakuna anayemlipa kwa kuiokoa ya zamani. Hilo tu ndilo lililonifanya nisimsikilize sana.

Kulikuwa na jirani mmoja aliyetia neno la umra: aingie kwa viza ya umra, akifika amfuate kafili. Huyo nilimjibu haraka. Viza ya umra haigeuki kuwa ya kazi, na mtu akikamatwa anafanya kazi nayo ni faini na kurudishwa. Tuliacha hapo.

Njia iliyobaki ilikuwa kuongeza ile ile iliyokufa. Hili linawezekana mtu akiwa nje, na ada yake ni kubwa kuliko angeongeza akiwa ndani, lakini lina masharti: iqama iwe hai, na anayeomba awe kafili mwenyewe kupitia Absher. Mfanyakazi hawezi, ajenti hawezi, ubalozi hauwezi, na mimi mwenye saiba ndiyo kabisa. Na halikai wazi daima, kwa sababu kila siku inayopita inamsogeza kwenye lile daftari la waliotoka wasirudi. Kwanza tukahakikisha hali yenyewe. Muqeem, mfumo wa wakazi wa kule, una ukurasa wa wazi wa kuangalia uhai wa viza, unaingiza namba ya iqama na taarifa nyingine ya pasipoti, bure, na hauhitaji akaunti. Ukasema: imekwisha muda. Haukusema zaidi ya hapo, haukusema ametoka na hakurudi. Tukafurahi kwa hilo, ajabu ya mambo.

Yeye alikuwa ameshamtumia Baba sauti saba tangu Jumapili. Nikaomba kuzisikiliza. Zote zilikuwa salamu, pole, kumuombea familia, na katikati mahali fulani sentensi moja: kuna shida ya viza. Kafili alikuwa ameitikia moja tu: inshallah, bukra, yaani kesho. Nikamwambia, bwana, mtu huyu ana shughuli zake, na wewe umempa barua ya kurasa tatu. Tukaandika ujumbe wa mistari minne kwa Kiarabu, maalim wa chuo cha jirani akautengeneza: viza namba fulani imeisha tarehe 5, iqama ni hai hadi tarehe 20 Novemba, naomba tamdid, yaani nyongeza, ya mwezi mmoja kwenye Absher, ada nikatwe. Tukaambatanisha picha ya karatasi yenyewe, na lile neno tumelizungushia duara.

Siku kadhaa kimya. Wiki ile Kenya nzima ilikuwa kwenye msiba wa Raila Odinga, Ijumaa tarehe 17 ikawa siku ya mapumziko, hata sauti za redio mtaani zilikuwa za maombolezo, na dereva anakaa kwenye baraza ya duka langu anaitazama simu kama mvuvi anayetazama nyuzi. Alichokuwa anakihofia hakukisema mpaka Jumamosi. Binti mkubwa wa kafili amepata leseni. Tangu tarehe 24 Juni 2018 wanawake wa Saudia wanaendesha, na nyumba nyingi zilizokuwa na madereva wawili zina mmoja, zilizokuwa na mmoja zinajiuliza. Miezi mitatu bila dereva ni muda wa kutosha familia kugundua kuwa inaweza. "Labda hawajakataa," akasema. "Labda wamezoea tu."

Hapa nakiri nilikuwa nafikiri kama yeye. Zamani nahodha wa jahazi aliyeikosa kusi alilala ugenini mpaka upepo urudi, na hakuna aliyemwambia amefanya kosa la karatasi. Siku hizi upepo wote uko kwenye kidole cha mtu mmoja.

Aliyejibu alikuwa binti. Jumanne tarehe 21, saa nne usiku, ikaingia sauti ya kike kwenye simu ya dereva, ya haraka haraka: Baba yuko safarini, lakini amemtumia ile namba ya siri ya kuingilia, yuko ndani ya Absher sasa hivi, anaona vitufe viwili, abonyeze kipi? Dereva akanipigia, mimi nikatoka kitandani, tukazungumza watatu, yeye anatafsiri. Nikamwomba jambo moja tu: asitusomee muda, atusomee tarehe itakayotokea. Akabonyeza. Akasoma: tarehe 4 Novemba.

Yaani tarehe ile ile aliyokuwa ameihesabu tangu mwanzo. Alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka. Tukangoja mpaka asubuhi, tukaifungua Muqeem tena, ikasema viza ni hai, ndipo nikamruhusu anunue tiketi. Ile ya kwanza ilikuwa imekufa kwa sababu hakupanda. Mpya ilimgharimu shilingi 38,000, nusu yake amekopa kwa shemeji. Nilimwambia achague siku isiyokaribiana na mwisho, kwa sababu mtu wa Lamu anaposafiri haanzii uwanjani. Anaanzia kwenye gati. Kuna bahari, kuna basi la Mokowe na vizuizi vya usalama njiani, kuna Garsen ambako Mto Tana ukifura basi linalala. Akaondoka hapa tarehe 25, akaruka tarehe 28.

Nani alikosea? Watu wameniuliza, na nimeona wanataka jibu moja. Kafili alichagua aina bila kufikiri, kisha akaipeleka viza ya mtu Abha. Binamu alitoa ushauri wa nchi nyingine kwa moyo mweupe. Dereva alihesabu badala ya kusoma. Lakini nikipanga makosa haya kwa urahisi wa kuyazuia, langu ndilo la kwanza. Karatasi ilikuwa mezani kwangu, mchana, taa inawaka, hakuna foleni. Sekunde kumi. Wala siamini jibu ni kuwaambia wafanyakazi "someni karatasi zenu" kama anavyosema kila mtu. Karatasi hii dereva hakuwahi kuiona kabla haijatoka. Ilizaliwa kwenye simu ya mtu mwingine, kwa lugha ya mtu mwingine, ikamfikia ikiwa imeshaanza kuzeeka. Sheria iliyomwacha dereva wa nyumba nje ya mageuzi ya 2021 ndiyo iliyofanya kubonyeza vibaya kwa mmoja kuwe ni kukwama kwa mwingine. Kusoma kunapunguza hasara. Hakumpi ufunguo.

Pamoja na hayo, yapo maswali mawili ambayo mfanyakazi anaweza kuyauliza kabla hajatoka, na nimeanza kuwaambia wanaonipigia kutoka huko. Viza yangu imeandikwa siku au imeandikwa kabla? Na kama safari ikisogezwa mbele, hata kwa wiki moja, je, viza ifutwe itolewe nyingine? Kuifuta na kuitoa upya ukiwa bado ndani ni jambo la dakika chache kwenye simu ile ile. Ukishavuka, ni kuomba. Wanaume madereva angalau wana simu zao mkononi na hutoka nje ya geti. Shagala aliyeshikiwa simu na pasipoti, ingawa kanuni zinakataza kushikiwa pasipoti, swali hilo atalipitishia wapi? Hilo sina la kulijibu hapa saibani, ila nawaambia mama zao walio hapa wawe wanaomba picha ya karatasi mapema, na waje nayo kabla mtoto hajapanda ndege ya kuja.

Dereva amefika. Iqama imeongezwa mwaka mmoja, ameituma picha yake, nami nimeisoma yote, mbele na nyuma. Ada ya kuongeza viza ilikatwa kwenye mshahara wa Novemba, na siku alizochelewa hazikulipwa. Binti anaendesha gari dogo kwenda chuo, yeye anaendesha kubwa kwa bibi mzee na sokoni. Halua ya kwanza tuliila hapa barazani na chai, ilikuwa imekauka pembeni. Alinunua nyingine kilo mbili, na hiyo ilivuka.